Wanavunja shule ya uchoraji wajenge fremu, na mwenyekiti ni mjomba wangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mkazi wa Tanga, mama wa watoto wawili. Kazi yangu ni kuandika mabango na kuchora kuta: maduka ya dawa, saluni, shule za chekechea, na mara mojamoja gari la abiria ambalo mwenyewe anataka jina la mwanawe lisomeke kutoka mbali. Kazi hii nilifundishwa katika shule ndogo ya uchoraji iliyopo mtaani kwetu, Ngamiani. Ina vyumba vitatu na ua wenye mwarobaini. Wazee wa mtaa waliijenga kwa michango. Mwenye mawe alitoa mawe, mwenye bati alitoa bati, asiye na kitu alitoa Jumapili zake. Watoto tulikuwa tukiingia pale jioni baada ya shule ya kawaida. Tulijifunza kuchora kwa penseli, kuchanganya rangi, kuandika herufi, batiki, hata kukata mbao na kutengeneza fremu za picha.

Aliyenilipia ada ni mjomba, kaka yake mama. Baba alikuwa ameshatuacha. Mjomba ndiye aliyeninunulia brashi yangu ya kwanza, ya nywele laini, akaniambia nisimwazime mtu. Ninayo hadi leo, ingawa kilichobaki ni kijiti.

Sasa mjomba ni mwenyekiti wa bodi ya wadhamini wa shule hiyohiyo. Mwezi uliopita lilibandikwa tangazo getini: shule itafungwa mwisho wa muhula na eneo "litaendelezwa". Mtaani tunajua maana yake. Zitajengwa fremu 12 za maduka zinazotazama barabara. Shangazi, shule iliyonifundisha kutengeneza fremu inavunjwa ijengwe fremu! Ningecheka kama lingekuwa la mtaa mwingine.

Watu wamechachamaa. Tumekutana barazani mara tatu: wahitimu, kina mama, hata wazee wa kahawa ambao sijawahi kuwaona wakitazama picha. Imeamuliwa kwamba Jumamosi tutaandamana hadi getini, kisha wawakilishi waende Halmashauri. Na mabango ataandika nani? Mimi. Nimepewa kumi, nimemaliza tisa. La kumi nimekabidhiwa maneno yake kwenye karatasi: jina la mjomba, la kwake na la babu, na chini yake neno MSALITI. Nimepaka rangi ya chini, nimepiga mistari ya penseli, jina sijaandika. Lipo sebuleni limegeuzwa uso ukutani, na mama akija anakaa kimya akilitazama mgongo.

Mama ameniambia neno moja tu: "Aliyekushika mkono, leo umtundike getini?" Wenzangu nao wanasema nikikataa nimehamia upande wa bodi. Mmoja kanitamkia usoni kwamba nimeshaahidiwa fremu. Wallahi sijaahidiwa hata tofali.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwa mjomba. Hakunifukuza. Alinitolea daftari la mahudhurio, nikahesabu: wanafunzi 11. Enzi zetu tulikuwa tukigombania vigoda, wengine wakichorea magotini. Umeme umekatwa. Kodi ya pango la ardhi inadaiwa miaka kadhaa. Mwalimu amebaki mmoja, naye anadai mishahara. Kisha mjomba akaniuliza taratibu: "Wanao jioni wanasoma wapi?" Nikanyamaza. Wanakwenda tuisheni, Hisabati na Kiingereza. Pale shuleni sijawapeleka hata siku moja.

Je, niandike jina? Na mtu kama mimi ninayo haki gani ya kulilia shule ambayo wanangu hawaijui?

Mwandika Mabango, Tanga

*

Marahaba mwanangu,

Jina usiliandike. Nalitanguliza hilo kwa sababu barua yako imenifikia Jumanne na maandamano yenu ni Jumamosi. Mengine utayasoma ukiwa umetulia. (Na kama hamjapeleka taarifa polisi, pelekeni leo. Sheria inataka wajulishwe saa 48 kabla, na itakuwa aibu mabango kumi yaishie kituoni.)

Sababu yangu si ile ya mama yako. Yeye anamtetea kaka yake, na dada ndiyo kazi yake. Mimi naiangalia bodi. Bodi ya wadhamini si mtu mmoja. Kama tangazo lile ni halali, kuna kikao kilikaa na kuna watu waliotia saini. Mkiandika jina moja, wale wengine watalala usingizi mnono nyuma ya jina hilo. Na jambo la mtaa litageuka ugomvi wa mjomba na mpwa. Baada ya wiki mbili barazani watakuwa wanaujadili ukoo wenu, shule wameshaisahau. Halafu hilo neno. Msaliti ni mtu aliyeuza kitu, na mwenye kuuza ana bei. Ushahidi wa bei mnao? Mlicho nacho ni tangazo. Mtu akishaitwa hivyo mbele ya watu anakosa pa kurudia, hata moyo ukimlainika. Nanyi, kama sijakosea, mnataka arudi.

Anayesema umeahidiwa fremu mwambie umeandika mabango tisa bila malipo. Yeye ameleta nini?

Tuje kwenye daftari. Hao wanafunzi 11 ndio wanaokuchoma, na wamekuchoma mahali pake. Watu mia wanaweza kusimama getini Jumamosi, akatoka mjumbe mmoja wa bodi akawauliza lile swali uliloulizwa wewe, na maandamano yakaishia hapo. Kwa hiyo litoeni nyinyi kwanza. Waambie wenzako kwenye kikao kabla ya Jumamosi, uanze na wanao. Utashangaa wangapi watainamisha kichwa, maana tuisheni ni ileile moja. Mzazi anayempeleka mtoto Hisabati simlaumu. Mtihani wa darasa la saba hauulizi kivuli kinaangukia upande gani.

Ila usikubali mjomba akutwishe mzigo wote kwa swali moja. Mtaa ulilala, sawa. Aliyewekwa macho ni nani? Kazi ya mdhamini ni kugonga milango mapema: jamani, umeme umekatwa, mwalimu hajalipwa, njooni. Deni la pango halikui usiku mmoja. Waliitisha mkutano lini? Daftari hilo lilipaswa kutoka barazani tangu wanafunzi walipopungua. Limetoka chumbani, kwa mtu mmoja, baada ya tangazo kubandikwa. Mwambie hivyo kwa adabu zote, lakini mwambie.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa wakfu ni nini. Mali ya wakfu ina msimamizi, na msimamizi si mwenye mali. Wazee waliotoa mawe na Jumapili zao hawakumpa mtu zawadi. Walitoa kwa kusudi, na kusudi hilo ama limeandikwa mahali ama halikuandikwa. Hapo ndipo kazi yenu ya kwanza ilipo, na haihitaji kelele. Nendeni RITA, wale wa usajili, ufilisi na udhamini, mkaulize kama bodi imesajiliwa, wadhamini wanaotambuliwa ni akina nani, na katiba iliyowekwa kule inasemaje kuhusu kufunga shule na kugawa mali. Nendeni ofisi ya msajili wa hati mkafanye upekuzi wa kiwanja: hati ni ya nani, matumizi yake ni yapi. Kiwanja kilichopangwa kwa elimu hakigeuki cha biashara kwa sababu bodi imependa; kibali kinatoka kwa mamlaka ya upangaji, ambayo kwenu ni Halmashauri ya Jiji. Inawezekana kabisa kwamba fremu 12 zimeshagawiwa watu midomoni na kibali hakijaombwa. Inawezekana pia kwamba kila kitu kiko sawa na nyinyi ndio mmechelewa. Kwa vyovyote mtakuwa mnajua.

Nikupe kisa cha mbali kidogo. Huko Washington, Marekani, tajiri mmoja aitwaye William Corcoran aliweka wakfu jumba la sanaa mwaka 1869, na baadaye likapata shule yake ya sanaa. Mwaka 2014 wadhamini walikuwa wamezidiwa na shida za fedha, wakaiomba mahakama iwaruhusu kulivunja jambo lote: shule iende Chuo Kikuu cha George Washington, picha ziende National Gallery of Art. Wanafunzi, walimu na wapenzi wa mahali pale wakapinga. Mahakama iliwaruhusu baadhi yao wasikilizwe, na wadhamini wakakaa kizimbani kuelezea walivyoiendesha nyumba. Mwishowe wapingaji walishindwa, shule ikaenda ilikoelekezwa. Nimekuchagulia kisa cha walioshindwa makusudi. Tazama kilichowafanya watu wazito wale wasimame mbele ya hakimu badala ya kubandika tangazo getini: ni karatasi ya 1869. Wazee wenu nao, kabla ya kupiga bati la kwanza, pengine waliandika hata ukurasa mmoja. Katafuteni ukurasa huo, kwenye masanduku ya marehemu ikibidi.

Sasa swali lako la pili, la haki ya kulia. Hapa nataka tuzungumze polepole.

Kuna watakaokwambia uchoraji hauhitaji jengo, na watakutajia Tingatinga. Wana hoja. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Shule hakuwa nayo. Alikuwa na jamaa wachache waliokaa chini wakimtazama mkono. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mtu mwingine, akafa. Wale jamaa hawakuacha. Waliendelea kuchora palepale Oysterbay, chini ya mti, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Kwa hiyo ni kweli, fundi akishajijua kuwa ni fundi atafundisha hata chini ya mwarobaini wenu.

Lakini mwaka huohuo wa 1972 palianzishwa Dar es Salaam mahali palipoitwa Nyumba ya Sanaa. Aliyepaanzisha ni mtawa wa Kimarekani, Sista Jean Pruitt. Baadaye wakapata jengo lao Upanga. Mzee George Lilanga, ambaye mashetani yake ya kuchekesha sasa yananing'inia kwenye kuta za matajiri wa Ulaya, alifikaje pale? Jamaa yake aliyekuwa mchongaji alimtafutia kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ulinzi. Mlinzi wa usiku! Kuchonga alikujua tangu kwao kusini. Pale ndani akakuta rangi na watu wa kumwelekeza, akawa Lilanga. Jengo lile la Upanga leo halipo. Nilipita pale miaka kadhaa iliyopita nikasimama kama mtu aliyekosea basi. Wasanii waliokuwa na majina walipata pa kwenda, sina wasiwasi nao. Ninayemfikiria ni yule mlinzi mwingine, ambaye hakufika.

Hilo ndilo jibu langu. Shule ya mtaani haimhifadhi mchoraji, mchoraji atajihifadhi. Inamngoja yule ambaye bado hajijui. Wewe ungejuaje kwamba mkono wako unaweza kuinyoosha herufi bila rula? Ulipita getini jioni ukanusa rangi. Mtoto wa miaka tisa hawezi kuandamana kudai kitu ambacho hajawahi kukiona. Atakayedai kwa niaba yake ni mtu kama wewe, mwenye tuisheni na aibu yake. Haki unayo.

Basi pigania geti. Na ukipigania geti, usichukie yangu, huenda utalazimika kukubali fremu.

Nafahamu Ngamiani watanirushia mawe. Lakini fikiri. Shule haina umeme, haina mwalimu wa pili, ina deni la pango. Mkishinda Jumamosi na tangazo likabanduliwa, Jumatatu deni liko palepale. Mkisema "hakuna kufunga" na mkanyamaza hapo, mmeomba shule ife polepole badala ya haraka. Kwa nini msiende na hesabu yenu? Ukuta wa barabarani utoe fremu tatu au nne, vyumba na ua vibaki, na iandikwe kabisa kwamba kodi yake inalipa umeme, pango na mwalimu kabla ya kitu kingine chochote. Wapangaji wapatikane kwa tangazo la wazi, na ndugu wa mjumbe wa bodi wasipate, wewe ukiwa wa kwanza kutopata. Ombeni mwaka mmoja. Bodi nyingi hukataa "daima" kwa urahisi; mwaka mmoja wenye hesabu ni mgumu kuukataa mbele ya diwani.

Katika mwaka huo kuna milango ya kugonga. Serikali imeleta mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi, katika sekondari chini ya sera mpya ya elimu, na sanaa bunifu imo. Shule za mjini zitataka mahali pa kufanyia vitendo na watu wanaojua kushika brashi. Ulizeni VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, masharti ya kusajili kituo, ili anayetoka pale atoke na cheti. Wahitimu mnaweza kuunda kikundi na kuomba mkopo wa Halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Huo ni mkopo, utarudishwa, kwa hiyo msilipie madeni ya zamani. Nunueni mashine ya kuchapia fulana au vifaa vya batiki, kitu kinachorudisha fedha. Na wewe mwenyewe, saa mbili kwa wiki za kufundisha herufi, utashindwa?

Kwa mjomba utakwenda tena, kabla ya Jumamosi. Mama usimtume, na usiende naye. Atalia, na mjomba atapata sababu ya kumbembeleza dada yake badala ya kukujibu. Tafuta mzee mmoja kati ya waliojenga, aliye hai na mwenye kumbukumbu, uende naye. Ile brashi iache nyumbani. Hukwenda kumliza mzee, umekwenda kumwuliza: waliotia saini ni nani, muhtasari wa kikao uko wapi, na nani amepewa ahadi ya fremu. Ukimwona anakwepa swali la tatu, utajua unashughulika na nini. Ukimwona anashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia, ujue alikuwa anangoja mtu aje. Watu wengi waliokwama kwenye bodi za namna hii wamechoka, na aliyechoka huuza kwanza akafikiri baadaye.

Mwambie pia, mbele ya huyo mzee, kwamba Jumamosi utakuwepo. Asikusikie kwa watu. Ukishamwambia, salamu zenu hazitakatika. Hata akinuna, atanuna kama mjomba.

Na wenzako wakikuuliza bango la kumi liko wapi, liko tayari. Mistari ya penseli si umeshapiga? Andika WALIOSAINI NI NANI? Herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara, rangi nyeusi, alama ya kuuliza uipe nafasi ya kutosha.

Jumatatu jioni, tuisheni ikiisha, wapeleke watoto pale shuleni. Daftari lisomeke 13.

Shangazi